Vilivyotengenezwa Vizikwe: Siku Nane Meksiko

Siku ya kwanza, Jumatatu. Jiji la Meksiko

Nimefika alfajiri, miguu imevimba kwa kukaa kwenye ndege. Mpwa wangu alikuwa ananisubiri pale wanapotokea abiria, koti limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona umekonda hivyo?"

Anasoma uhandisi wa majengo hapa, mwaka wa tatu, na Kihispania chake kimeshakuwa cha mtaani. Ndiye mkalimani wangu na ndiye mshika ratiba. Mimi ni mwalimu wa historia mstaafu kutoka Tanga, na safari hii nimeiwekea akiba miaka sita.

Jumatatu makumbusho makubwa hufungwa. Tulilijua hilo, tukaiacha siku iwe ya kuzoeza mapafu, maana jiji liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani akipanda ngazi mbili anahema. Jioni tukaenda Zócalo, uwanja mkuu. Chini yake na pembeni yake ndipo ilipokuwa Tenochtitlan, mji wa Wamexica, hao ambao wengi wetu tunawajua kama Waazteki. Mji ulikaa katikati ya ziwa, Wahispania wakauteka mwaka 1521, wakajenga wa kwao juu ya vifusi. Ziwa likakaushwa, lakini udongo wake haujasahau: majengo ya zamani yamelala ubavu, mengine yamezama kidogo upande mmoja.

Kabla ya kulala tulikula kwa mama mmoja anayechoma totiya, zile chapati nyembamba za mahindi, juu ya bati la moto. Nikasikia harufu ninayoijua tangu utoto nikashindwa kuamini. Chokaa. Mpwa akamuuliza, mama akafunua ndoo akatuonyesha: mahindi huchemshwa kwa maji ya chokaa, yanalala humo usiku kucha, asubuhi anayasugua kwa viganja mpaka ganda la nje litoke, ndipo anasaga. Bila chokaa, alisema, donge halishikani.

Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Alirundika magogo na matumbawe, akawasha, na mikono yake ilikuwa na nyufa nyeupe zisizotoka kwa sabuni. Kwetu chokaa ni ya ukuta na ya kaburi, sikujua kwamba kuna watu wanaoila kila siku. Na mahindi yenyewe chimbuko lake ni hapa, kusini mwa Meksiko, ambako wakulima walianza kuyabadilisha kutoka nyasi ya porini miaka kama 9,000 iliyopita. Sisi tuliyapokea kwa njia ya bahari tukayaita mahindi, kana kwamba yalitoka India.

Siku ya pili, Jumanne. Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia

Kabla hujaingia unakutana na Tlaloc, mungu wa mvua, au angalau sanamu ambayo watu wameikubali kwa jina hilo. Jiwe moja, tani 168 kwa hesabu inayotajwa. Lilikuwa limelala bondeni karibu na kijiji cha Coatlinchan tangu zamani sana, na wanakijiji hawakutaka lichukuliwe. Waliharibu lori, serikali ikaleta askari. Lilifika mjini Aprili 1964 usiku, na mvua kubwa ikanyesha wakati si wa mvua. Habari hiyo ya mvua kila mtu hapa anaijua. Mimi niliwafikiria zaidi wale wa Coatlinchan waliobaki na shimo.

Ndani nilikuwa nimejiwekea kitu kimoja cha kutafuta, nikakifuata moja kwa moja kwenye ukumbi wa Pwani ya Ghuba bila kugeuka. Waakiolojia wanakiita Sadaka ya 4 ya La Venta, mji wa kale wa Waolmeki, watu waliokaa upande huo wa pwani karne nyingi kabla ya Wamexica.

Ni sanamu ndogo 16 za watu wamesimama, kila mmoja na urefu wa shibiri moja hivi. Nyingi ni za jedi na sapentini, mawe ya kijani. Nyuma yao yamesimamishwa mawe sita membamba yenye umbo la shoka, kama ukuta. Vichwa vyao virefu, vimevutwa kwenda juu, midomo imeteremka pembeni, miguu imekunjwa kidogo magotini kama watu waliosimama muda mrefu wakisikiliza. Mmoja tu ametengenezwa kwa jiwe la kukwaruza, lisilong'aa. Yeye ameegemea ule ukuta wa mashoka, na wengine wote wamemwelekea. Ni kikao. Ni baraza. Nilipiga magoti mbele ya kioo ili macho yangu yawe sawa na yao, na kwa muda nilijiona nimeingia mahali ambapo mazungumzo yamekatika kwa sababu yangu.

Waolmeki waliwapanga hivyo kati ya miaka 900 na 400 KK, wakawafukia kwa mchanga, wakajenga sakafu za udongo wa rangi juu yao. Hilo peke yake linatosha kumshangaza mtu. Lakini walipochimbuliwa mwaka 1955, wachimbaji waliona kwamba zamani zile zile, baada ya sakafu kuwekwa, kuna mtu alirudi akatoboa shimo juu ya mahali penyewe hasa. Akachimba hadi usawa wa vichwa. Akatazama. Kisha akafukia tena bila kugusa sanamu hata moja.

Alijuaje mahali? Hakukuwa na alama juu ya ardhi iliyobaki. Kulikuwa na mtu aliyeambiwa na mtu, naye akalitunza kichwani. Na alipofika hakuja kuiba, alikuja kuhakikisha kwamba bado wapo. Nimefundisha historia miaka 31 na sijawahi kukutana na ushahidi wa kumbukumbu unaonigusa kama hilo shimo.

Mchana tulikwenda ukumbi wa Wamexica. Jiwe la Jua, kipenyo mita 3.58, limezungukwa na watu wanaopiga picha, nasi tukapiga. Nilikaa zaidi kwa Coatlicue, mama wa miungu: kichwa chake ni nyoka wawili wanaotazamana, sketi yake nyoka waliosukwa, mkufu wa mikono na mioyo ya watu. Alichimbuliwa Zócalo tarehe 13 Agosti 1790. Wakampeleka chuo kikuu, lakini watawa waliofundisha pale wakaona wenyeji wanakuja kumwashia mishumaa, wakamzika uani. Mwaka 1803 Humboldt, yule msafiri Mjerumani, akaomba amwone. Wakamfukua, akamtazama, wakamzika tena.

Ila jambo nililotaka mpwa wangu alijue liko chini ya nyayo za Coatlicue. Upande wa chini wa jiwe, ule uliogusa ardhi, umechongwa sura ya Tlaltecuhtli, bwana wa ardhi, kwa ufundi ule ule wa upande wa mbele. Hakuna aliyekusudiwa kuuona isipokuwa ardhi yenyewe.

"Sasa shangazi, kama hakuna wa kuona, fundi anajisumbulia nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia tutembee nalo.

Siku ya tatu, Jumatano. Templo Mayor

Tarehe 21 Februari 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba karibu na kanisa kuu waligonga jiwe lililochongwa. Lilikuwa duara la mita tatu na zaidi, na juu yake Coyolxauhqui, dada aliyeuawa na ndugu yake Huitzilopochtli, mungu wa vita wa Wamexica, viungo vimetawanyika. Mwanaakiolojia Eduardo Matos Moctezuma akaongoza uchimbaji, majengo kadhaa yakabomolewa, na hekalu kuu la Tenochtitlan likatokea mchana kweupe.

Ukitembea kwenye vijia unaona ngazi nyuma ya ngazi. Hekalu lilijengwa upya mara saba, kila jipya likilimeza la zamani zima zima, kama kitunguu. Mpwa alisimama muda mrefu akihesabu tabaka na kunieleza jinsi udongo wa ziwa ulivyolivuta jengo chini, ndiyo maana kila mara walihitaji kuinua. Nilifurahi kumsikia. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni.

Mimi nilivutwa na sadaka. Zaidi ya visanduku 200 vya mawe na mashimo vimepatikana chini ya sakafu na ngazi. Kwenye jumba la makumbusho la hapo hapo vimepangwa kama vilivyokutwa, na hapo pwani ikaniijia. Chini kabisa mchanga wa baharini. Juu yake matumbawe, makombe, makome ya baragumu. Pua za papa upanga, zile zenye meno pande mbili. Kisha mamba, kasa, tai, visu vya gumegume vilivyobandikwa macho na meno ili viwe nyuso. Bahari zote mbili ziko mbali, ya upande wa mashariki na ya magharibi, na hawakuwa na punda wala gurudumu la kubebea mizigo. Kila kombe lilibebwa na mgongo wa mtu hadi mita 2,240 juu, likapangwa kwa utaratibu wa ulimwengu, maji chini, mbingu juu, kisha likafunikwa kwa jiwe.

Niliyatazama matumbawe yale kwa karibu. Vishimo vyake vile vile ninavyovijua. Babu angeyatia tanuuni bila kuwaza.

Kuna kitu kimoja kidogo hapa ambacho usipoambiwa utakipita: kinyago cha jiwe la kijani, kinatoshea kiganjani, midomo imeteremka. Ni cha Waolmeki. Wamexica walikizika kwenye hekalu lao karne ya 15 BK, wakati kilikuwa tayari na umri wa miaka zaidi ya 2,000. Kwa hiyo nao walikuwa na vitu vya kale, walivikusanya, wakavithamini, na heshima kubwa waliyoona inavifaa ni kuvirudisha ardhini.

Siku ya nne, Alhamisi. Teotihuacan

Basi la saa moja asubuhi, mwendo wa saa moja hivi. Jua kali na baridi kwa pamoja.

Hatujui waliojenga mji huu walijiitaje, wala walizungumza lugha gani. Jina walilipa Wamexica waliokuja kuta zimeshakuwa magofu karne nyingi. Katika ubora wake, kati ya mwaka 100 na 550 BK, ulikuwa na watu wapatao 100,000, wakiishi kwenye majumba ya familia nyingi yenye kuta za michoro na sakafu za chokaa. Piramidi ya Jua ina mita kama 65 kwenda juu. Hatukupanda. Tulitembea Barabara ya Wafu yote, na ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye picha. Wazee wavae viatu vizuri.

Nilikuja kwa ajili ya mahali ambapo huwezi kuingia. Mwaka 2003, baada ya mvua kubwa, ardhi mbele ya Hekalu la Nyoka mwenye Manyoya ilididimia, shimo dogo. Mwanaakiolojia Sergio Gómez akafungwa kamba akateremshwa. Chini, mita kama 14, akakuta amesimama kwenye njia iliyochongwa na watu, inaelekea chini ya piramidi. Ilikuwa imejazwa mawe na udongo na kuzibwa karibu miaka 1,800 iliyopita. Kuisafisha kulichukua miaka, kwa brashi na mikono, mita mia moja na ushee. Walikuta mipira ya utomvu wa mpira, makombe ya baharini yaliyochongwa, mifupa ya chui wa kule, sanamu nne za jiwe la kijani. Kuta na dari zilikuwa zimepakwa unga wa madini yanayometa, kiasi kwamba mtu akiingia na mwenge anajiona yuko chini ya nyota. Na mwishoni, milima midogo na mashimo yenye zebaki, yaani mandhari nzima yenye maziwa yake, ndani ya giza.

Nilisimama kwenye uzio nikatazama paa la bati lililofunika shimo. Ndiyo yote ya kuona. Mpwa alitaka tuondoke, nikamwomba dakika kumi zaidi.

Vichwa vya nyoka kwenye hekalu lenyewe bado vina rangi kidogo ukiangalia kwenye makunyanzi ya shingo: nyekundu, na weupe wa chokaa chini yake.

Siku ya tano, Ijumaa. Xalapa

Saa tano za basi kushuka kuelekea Veracruz. Ukungu, mikahawa, hewa yenye unyevu. Mapafu yakashukuru.

Makumbusho ya hapa yameteremka na mlima, kumbi na bustani zikifuatana, na kati ya vichwa 17 vikubwa vya Waolmeki vinavyojulikana, saba viko humu. Cha kwanza kukutana nacho kinaitwa El Rey, mfalme. Urefu mita 2.84, uzito tani 25. Kilikutwa San Lorenzo mwaka 1945: njia ya miguu ilikuwa inapita juu yake, mvua ikamomonyoa udongo, uso ukaanza kutazama juu kutoka chini ya nyayo za watu. Mwanaakiolojia Matthew Stirling akaja akakichimbua.

Basalti yake, jiwe gumu la volkano, ilitoka milima ya Tuxtla, kilomita zaidi ya 60. Hakuna chuma. Walichonga jiwe kwa jiwe, wakagonga na kusugua. Nenda upande wa sikio, tazama ndani ya kunjo lake: utaona vidoti vya kugongwa, vidogo kama alama za sindano, maelfu. Kwenye shavu vimesuguliwa vikaisha, kwenye sikio vimeachwa. Hapo ndipo nilipomwona fundi. Kichwa kimoja kingine kilikuwa kiti cha enzi kabla ya kuchongwa upya kikawa uso, na alama za kiti bado zipo. Kichwa cha 9 kinatabasamu.

Nina neno hapa kwa ndugu zangu. Kila mwaka kuna mtu hunitumia picha ya vichwa hivi kwenye simu, chini imeandikwa kwamba hawa ni Waafrika waliovuka bahari kabla ya Columbus. Wazo hilo si letu. Mwaka 1869 José María Melgar, Mmeksiko aliyekiona kichwa cha kwanza kule Tres Zapotes, aliandika kwamba sura ile ni ya Mwethiopia, kwa maana ya mtu mweusi. Tangu hapo limezunguka. Lakini katika miji ya Waolmeki hakijachimbuliwa kitu hata kimoja kilichotengenezwa Afrika, na nyuso zile, pua pana na midomo minene, nimezikuta asubuhi hii kwenye stendi ya basi, zinauza maji na karanga. Ni watu wa hapa. Sisi tunajua inavyouma kuambiwa kwamba Kilwa ilijengwa na wageni, kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni. Maumivu hayo hayo tusiwapelekee wengine. Nilikiweka kiganja karibu na shavu la El Rey, bila kugusa, na sikuhitaji awe babu yangu ndipo machozi yanitoke.

Kabla ya kutoka nikamtazama Señor de las Limas. Kijana ameketi, amepakata mtoto aliyelegea mwenye uso wa kichui, jiwe la kijani, sentimita 55. Watoto wawili walimkuta mwaka 1965 wakitafuta jiwe la kupasulia kokwa, na kijijini wakamweka madhabahuni kama Bikira. Mwaka 1970 aliibwa kwenye makumbusho, akaja kupatikana kwenye chumba cha nyumba ya wageni San Antonio, Texas. Mabegani na magotini pana nyuso nne zilizochorwa kwa mstari mwembamba kama unywele. Ukisimama mbele taa zikikupiga huzioni. Lazima uiname pembeni, na mhudumu mmoja mwenye huruma alikuja akatuonyesha pa kusimama.

Siku ya sita, Jumamosi. Villahermosa

Usiku mbaya. Basi lilizimika barabarani saa nane za usiku, tukakaa gizani zaidi ya saa tatu bila mtu wa kampuni kutuambia lolote. Dereva alifunga mlango wake akalala. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga na hakupewa hata maji. Nililalamika kwa Kiswahili na mpwa akatafsiri kwa adabu kuliko nilivyosema. Tulifika mchana badala ya asubuhi, na nusu ya muda wangu wa La Venta ikawa imekwenda. Nimeumia.

La Venta yenyewe iko magharibi zaidi. Uchimbaji wa mafuta ulipoitishia, mshairi Carlos Pellicer alihamishia mawe yake mengi hapa, akayapanga kati ya miti pembeni mwa ziwa, mwaka 1958. Joto la Tanga kabisa. Wanyama kama nguchiro, mikia imesimama, wanakatiza njiani bila woga.

Kwa saa mbili tulizobakiwa nazo nilichagua kimoja: sakafu ya mozaiki. Ni karibu vipande 500 vya sapentini vilivyokatwa na kupangwa vikawa uso mkubwa wa mnyama au mungu, mita nne na nusu kwa sita hivi. Chini ya mozaiki za namna hii palikuwa na shimo lenye mamia ya tani za jiwe lile lile, tabaka kwa tabaka na udongo. Jiwe lililetwa kutoka mbali. Walipomaliza kupanga uso, wakaufunika. Haukukanyagwa.

Tuliketi kwenye benchi, jasho linatutoka. Hapo nikamjibu mpwa swali lake la Jumanne.

Nilimwambia siku tulipomwosha bibi yake, yaani mama yangu, tulikuwa wanawake wanne. Maji ya mkunazi, kafuri, tukamchana nywele tukazisuka mafundo matatu. Sanda tuliikata wenyewe. Shangazi yetu mkubwa aliona ukingo mmoja umepinda upana wa kidole, akaamuru tukate tena. Kitambaa kinaingia kaburini ndani ya saa moja, hakuna jicho litakalokiona. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Tulikata tena.

Mpwa hakusema kitu. Alikuwa na miaka kumi mwaka ule, alikaa nje na wanaume, na hayo hakuwahi kusimuliwa. Baadaye akanishika mkono tulipovuka barabara, jambo ambalo hajafanya tangu akiwa mdogo.

Siku ya saba, Jumapili. Palenque

Saa mbili na kitu kwa basi, safari hii bila matata. Tulianza na makumbusho kwa kuwa Jumatatu yatafungwa.

K'inich Janaab' Pakal, mfalme wa mji huu wa Wamaya, alizaliwa mwaka 603, akakalia enzi mwaka 615 akiwa na miaka 12, akafa mwaka 683. Humu kuna nakala ya jeneza lake la jiwe. Kifuniko kina urefu wa karibu mita nne, na picha yake imezunguka dunia: mfalme amelala chali kwenye kinywa cha ardhi, mti wa ulimwengu unaota juu yake.

Lakini inama utazame ubavuni. Kule wamechongwa mababu zake, kila mmoja anachomoza kwenye ufa wa ardhi pamoja na mti wa matunda. Mama yake, Bibi Sak K'uk', anaota na mkakao. Wengine na mparachichi, na mpera. Mpera! Kila ua wa Tanga una mpera, watoto wanaupanda kabla mapera hayajaiva. Nilikuwa naudhani wetu, kama nilivyoyadhani mahindi. Kumbe ni mti wa mababu wa watu hawa, wameuweka kwenye kaburi la mfalme.

Nilikumbuka Tongoni, karibu na kwetu. Kwenye makaburi ya nguzo wazee wetu walipachika sahani na bakuli za kaure za China kwa nje, kila apitaye aone. Hapa uzuri wote uliingia ndani. Sijui kama tofauti hiyo ni kubwa kama ilivyonionekania leo jioni.

Siku ya nane, Jumatatu. Palenque

Tuliingia geti lilipofunguliwa. Ukungu, na nyani wa msituni wanaunguruma kama simba, mpwa alishtuka kweli kweli. Hekalu la Maandishi liko kuliani, jeupe, limeegemea kilima.

Mwaka 1949 mwanaakiolojia Alberto Ruz Lhuillier, akifanya kazi juu ya hekalu hili, aligundua kwamba bamba moja la sakafuni lina mashimo mawili mawili yaliyozibwa kwa vizibo vya jiwe, na kwamba kuta za chumba haziishii sakafuni, zinaendelea kushuka. Akaliinua bamba. Chini yake ngazi, imejazwa mawe na chokaa mpaka juu. Kuiondoa iliwachukua misimu minne. Juni 1952 wakafika chini, kwenye bamba la pembetatu, wakalisogeza. Jeneza ni kubwa kuliko ngazi: liliwekwa kwanza, piramidi ikajengwa juu yake. Ndani, Pakal na uso wa jedi wa vipande zaidi ya 300, macho ya kombe na obsidiani, kioo cheusi cha volkano. Uso huo tuliuona Jumanne mjini. Nao uliibwa usiku wa Krismasi wa 1985, ukapatikana 1989. Pembeni mwa ngazi mna mfereji mwembamba wa jiwe unaopanda kutoka kaburini hadi kwenye sakafu ya hekalu. Walimziba kwa tani za vifusi, wakamwachia pa kupumulia.

Wageni hawashuki sasa. Jeneza na kifuniko chake bado viko kule chini.

Kwenye nguzo za Ikulu nilitafuta chokaa nikaipata. Wamaya walichoma mawe ya chokaa kama babu alivyochoma matumbawe, wakafinyanga nayo miili ya wafalme ukutani. Mahali ilipovunjika unaona tabaka: jembamba, jembamba tena, kisha rangi, kisha jingine. Chini ya vazi la mfalme mmoja kuna mguu mzima uliofinyangwa na kulainishwa kabla ya kuvalishwa. Vazi lilipodondoka ndipo ukaonekana. Nilimwita mpwa aje auone, tukasimama kimya.

Mkabala na hekalu, chini ya miti, kuna kaburi dogo la Ruz. Alifariki 1979, wakamleta hapa. Nilimsomea dua fupi kwa namna yangu.

Mwisho tukapanda hadi Hekalu la Msalaba wenye Majani, lililowekwa wakfu mwaka 692 na mwana wa Pakal. Ndani, gizani, bamba la jiwe limechongwa mmea mkubwa wa mahindi umesimama katikati, majani yake yameinama kulia na kushoto, na pale magunzi yanapotokea pana vichwa vya watu, nywele zao ndizo ndevu za hindi. Nilipiga picha nikamtumia mdogo wangu, baba yake mpwa, ambaye ana shamba Muheza. Kule ilikuwa usiku. Alijibu kabla hatujafika chini: je, walikuwa wanapanda kwa mistari, na wanaweka mbegu ngapi kila shimo?

Mpwa alikwenda kumuuliza mzee mmoja Mchol, Mmaya wa eneo hili, anayeuza maji getini, ambaye ana shamba. Nne, alisema. Wakati mwingine tano.